Chupa Tatu za Vifungo

Mke wangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma, nilimwambia aende bila wasiwasi, watoto wawili nitawaweza. Nilijiamini kwa sababu tulikuwa na dada wa kazi aliyekaa nasi miaka mingi na aliyejua kila kitu cha nyumba ile. Wiki tatu baada ya mke wangu kuondoka, yule dada akaja sebuleni amevaa kitenge kipya, akaniambia kwa aibu kwamba amepata mchumba na kwao Tanga wanamsubiri. Nilimpongeza kwa moyo kabisa. Alipoondoka nikaingia jikoni, nikasimama katikati, nikagundua sijui hata chumvi inakaa wapi.

Tulikuwa tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Duka langu liko Kariakoo, si mbali kwa miguu. Nauza vifaa vya mafundi cherehani: nyuzi, zipu, lastiki, vifungo. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kiume saba. Ni watoto wazuri, lakini hakuna aliyewahi kuosha sahani, na kosa hilo lilikuwa langu. Mimi nimekulia Kilimanjaro. Kabla ya kwenda shule nilikuwa nimeshakata majani ya ng'ombe na kuchota maji, na niliapa kwamba wanangu hawatapita nilikopita mimi. Matokeo yake niliwalea kama wageni ndani ya nyumba yao wenyewe.

Wiki ya kwanza tulikula mkate na chai asubuhi na jioni. Sahani zilijaa kwenye sinki mpaka tukawa tunakunywa maji kwa vifuniko vya chupa ya chai. Jumatano yule mdogo alienda shule na shati bichi. Alhamisi nilipandisha sauti. Niliwafokea kwa kila kitu nilichokiona: viatu mlangoni, taulo kitandani, takataka zinazonuka. Binti alikuwa analia, mdogo wake amejificha nyuma ya pazia, ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kihindu aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote na sasa anaishi peke yake. Watoto walimwita bibi. Alikuwa ameshika sahani ya bhajia.

"Shikamoo mama," nilisema, nimejaa aibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kelele." Akaweka sahani mezani, akatazama sinki. "Huyu mtoto ulishamwonyesha sahani inaoshwaje?"

"Mama, kuosha sahani nako ni kwa kufundishwa?"

"Ni kama kusoma. Unamwonyesha, mnafanya pamoja, halafu unamwachia. Akifanya vizuri unamwonyesha kwamba umeona. Mimi darasani nilikuwa nawapa mbegu za ukwaju. Mbegu tu. Walikuwa wanagombania kufuta ubao."

Kesho yake alituletea chupa tatu za achari, zimeoshwa na kukaushwa, na mimi nikatoka dukani na mfuko wa vifungo vikubwa vya makoti, vile vya rangi rangi ambavyo mafundi walikuwa wameacha kuvinunua. Jumapili baada ya ibada nikawakalisha watoto mezani. Nyuma ya kalenda ya zamani tukaandika kazi zote: kufagia, kupiga deki, kuosha vyombo, kutandika vitanda, kushusha takataka, kufua soksi, kupandisha maji kwa dumu siku ambayo pampu haisukumi. Kazi moja iliyofanywa bila kusukumwa ilikuwa na kifungo kimoja. Anayefikisha vifungo arobaini anachagua kitu anachotaka, mradi si pesa. Nilidhani watataka chipsi mayai, au kupanda pantoni pale Magogoni, kuvuka bahari hadi Kigamboni na kurudi.

"Chochote?" aliuliza mdogo.

"Chochote kilicho ndani ya uwezo wangu."

Dada yake alikuwa bado anasoma ile orodha. "Baba, zako ziko wapi?"

"Mimi natafuta riziki, mama."

"Hata mama alikuwa anatafuta. Na alikuwa anapika."

Alisema taratibu, bila ubishi, akisubiri jibu. Nikachukua kalamu, nikajiandikia vyombo vya jioni na kupiga pasi sare. Ndiyo maana chupa zilikuwa tatu. Yule bibi, nadhani, alishalijua hilo kabla yangu.

Mwanzoni tulipata shida. Mdogo alipiga deki kwa maji mengi hadi yakamfikia jirani wa chini. Binti aliunguza maharage, akakaa chini sakafuni akasema hapiki tena maisha yake. Bibi akaja kumwonyesha jinsi ya kuyaokoa kwa kuyahamishia sufuria nyingine bila kukwangua chini. Mimi niliunguza sketi ya shule kwa pasi. Kila Jumamosi mchana tulikaa kuhesabu, na chupa yangu ilikuwa inachekesha. Watoto walikuwa na vifungo kumi na tano kila mmoja, mimi vitatu. Mara nyingi nilirudi kutoka dukani nikakuta vyombo vimeshaoshwa, na aliyeviosha akapata kifungo kilichokuwa changu.

Lakini nyumba ilianza kusimama. Nilikuwa nafungua mlango jioni nikakuta harufu ya sabuni, viatu vimepangwa, na mtoto wa miaka saba amesimama juu ya kigoda anasuuza vikombe huku akiimba. Nilikuwa nachoka dukani, ila nilikuwa napanda zile ngazi kwa hamu.

Jumamosi ya tano niliona kitu hakikai sawa. Chupa ya mdogo ilikuwa imejaa karibu arobaini. Ya dada yake ilikuwa imeshuka. Wiki iliyopita alikuwa na ishirini na kitu, sasa alikuwa na sita.

"Hivi vimetoka wapi?" nilimuuliza mdogo.

Akaikumbatia chupa yake.

"Umechukua kwenye chupa ya dada yako?"

"Sijachukua, baba."

"Usinidanganye. Vifungo havina miguu. Nyumba hii haina mwizi, na mimi sitalea mwizi."

Neno lile lilipotoka, niliona uso wake unavunjika. Hakulia kwa sauti. Alishuka kwenye kiti, akaenda kusimama barazani, ametugeuzia mgongo.

Binti alisukuma chupa yake mbele yangu. "Nimempa mimi. Wiki hii nimekuwa nampa kila siku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anataka kwenda kwa mama." Sasa na yeye sauti ilikuwa imemkatika. "Wewe ulisema chochote. Aliniambia nisikwambie, aliogopa utasema hapana kabla hajafikisha. Peke yake angechelewa, na mimi nilitaka kwenda pia."

Nilikaa pale na vifungo mkononi. Wiki zote zile nilikuwa nafikiri wanakimbilia chipsi. Kila jioni walikuwa wanaongea na mama yao kwa simu, wanacheka, wanamweleza mambo ya shule, na mimi nikaamini imetosha. Sikuwahi kuwauliza.

Nikamfuata mwanangu barazani. Nikachuchumaa ili nimfikie.

"Baba amekosea," nilimwambia. "Nimekuita jina baya na hukustahili. Nisamehe."

Alijifuta kwa mkono wa shati. "Bado viwili," alisema.

"Viwili vya nini?"

"Kufika arobaini."

"Basi twende ukaoshe sufuria ya ubwabwa na ufagie jikoni. Nakusubiri."

Aliosha sufuria ile kwa muda ambao sijawahi kuona sufuria ikioshwa. Sikumpunguzia kazi, maana nilijua alitaka kufika mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata nilifunga duka mchana, jambo ambalo wenzangu wa mtaa ule walilishangaa, tukapanda treni kwenda Dodoma. Bibi alitufungia chapati na viazi vya manjano kwenye kopo, akabaki na funguo zetu amwagilie maua ya barazani. Nilimwambia sijui nimshukuruje. Akasema nimrudishie kopo lake tu.

Hatukumwambia mke wangu. Alifungua mlango wa chumba chake cha kupanga akiwa na kalamu nyuma ya sikio, akatutazama kama watu asiowafahamu, halafu akapiga magoti palepale mlangoni na watoto wote wawili wakamwangukia. Mimi nilisimama na begi. Baadaye, alipokuwa anatafuta sufuria ya chai, mdogo alishaingia jikoni kwake na kuanza kuosha vikombe. Binti akachukua fagio. Mama yao akanigeukia.

"Baba watoto, umewafanya nini hawa?"

Nilitaka kumjibu kwamba si mimi. Nilitaka kumweleza habari za mwalimu mstaafu na sahani yake ya bhajia, na za binti aliyeniuliza kazi zangu ziko wapi. Nilianza, nikashindwa. Akanishika mkono, akaniambia nikae, nitasimulia tukishakula.

Ule mpango uliendelea miezi michache tu baada ya hapo, ukafa wenyewe. Hakuna aliyetangaza kwamba umekwisha. Siku moja nilihesabu vifungo peke yangu, watoto walikuwa wameshasahau kuweka, na nyumba ilikuwa safi. Mke wangu amemaliza masomo na amerudi. Binti sasa ananizidi kupika. Vyombo vya jioni bado ni vyangu, na kila Jumapili tunapoenda kumsabahi bibi, mwanangu huingia moja kwa moja jikoni kwake kutazama kama kuna kitu kwenye sinki.