Upande wa Kushoto Aliouchora Mutua

Akili yangu bado inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu nimwandikie Mutua kwamba mchezo wa kompyuta umekwama tena, ndipo nikakumbuka kuwa Jumamosi wamemzika kwao, Kitui.

Moyo ulisimama akiwa kazini. Mtu ambaye hata mvi hakuwa nayo.

Kwa wasiomjua: Mutua alikuwa mtu wa IT katika ofisi moja hapa Lamu, mpangaji Wiyoni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mkomani, mgonjwa, nisiyeweza tena safari ya bara. Kwa hiyo namzika hapa ukurasani, kwa kidole kimoja cha kuandikia.

Alikuja kwangu mara ya kwanza kutengeneza printa. Alipomaliza hakuondoka. Akauliza, "Mwalimu, nahodha wa huku zamani alivaa nini miguuni?"

Nikamwambia, "Alivaa miguu."

Hapo ndipo urafiki ulipoanza.

Mutua alipenda mchezo mmoja wa kompyuta wa maharamia, uliotengenezwa ughaibuni. Baada ya kazi alikuwa akifanya modding: anawavua wale wahusika sura na nguo zao, anawavika za watu wa huku, kisha anawapa wachezaji wengine bure. Nami akaniwekea mchezo huo niucheze.

Mabaharia wake wa kwanza walivaa kanzu juu ya buti. Nikamwuliza kama wanakwenda baharini au wanakwenda kuposa.

"Nawe mtu wa bara," nikamwambia, "kuogelea hujui, halafu ndiye unayeunda mabaharia."

"Ndiyo maana nawaunda, Mwalimu. Wazame wao."

Aliwahi kupanda boti hadi bandari ya Mtangawanda ili apige picha za mbao, azitumie kama texture, yaani ngozi ya kulivika jahazi lake la mchezoni. Alirudi na picha nyingi za mbao na moja ya ndoo aliyotapikia.

Kisha akataka sura yangu iwe ya nahodha.

Wengi mnaonifuata hapa hamjui jambo hili. Kiharusi kilinivuta uso upande wa kushoto. Jicho limelegea, pembe ya mdomo imeshuka, chai hunitoka bila mimi kujua. Tangu hapo naswali nyumbani, wala mlangoni sikai.

Mke wangu, Bi Zainabu, alinambia mara moja tu: "Uso ndio uliopinda, Bwana. Ndia ya msikitini haikupinda."

Mutua alinieleza watu wa modding wanavyofanya kazi. Mara nyingi hawachori uso mzima. Wanapiga picha upande mmoja, kompyuta inaugeuza kama kwenye kioo na kuubandika upande wa pili. Akanipiga upande wa kulia.

Nikatokea mzima, na chunjua la shavu la kulia likatokea kwenye mashavu yote mawili.

"Bwana Mutua, chunjua langu limezaa pacha." Tulicheka mpaka nikakohoa, akalifuta moja.

Lilipofutika sikuweza kucheka tena. Aliyekuwa akinitazama kwenye kioo cha laptop alikuwa mimi wa kabla.

"Iko nyingine, Mwalimu," akasema, akaifungua. Nilikuwa mimi nilivyo. "Hii haiwezi kugeuzwa. Upande wa kushoto nimeuchora kwa mkono, weekend baada ya weekend."

"Ifute."

"Sawa, Mwalimu."

Sasa niseme, maana daktari wangu ameacha kunipangia tarehe za mbali.

Ile picha ya ukurasa huu, ambayo kila Idi mmeniandikia chini yake "Mwalimu huzeeki", haikuwa picha. Ulikuwa uso alioutengeneza Mutua, upande mmoja uliorudiwa mara mbili. Nilimwomba anikatie kipande cha kuweka hapa, akanikatia bila swali.

Mmoja wenu aliuliza nani kapiga picha nzuri hivyo. Nikajibu, mjukuu wangu.

Mutua alilisoma jibu hilo. Aliweka like, basi. Keshoye akaja kama kawaida, akauliza kama mchezo umekwama.

Juzi dada yake alinipigia simu kutoka matangani. Akauliza kama ninayo kazi yoyote ya nduguye, wapate cha kuonyesha watu. Nyumbani walijua anatengeneza printa tu.

Nikafungua mchezo. Kwenye safu ya manahodha wa kuchagua, wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, nilikuwa mimi nilivyo. Hakuifuta.

Nikamwita Bi Zainabu, nikamwonyesha yule mzima kwanza.

"Simjui vyema huyu," akasema.

Nikamwonyesha wa pili. Akanyoosha kidole mpaka kwenye kioo, kwenye pembe ya mdomo iliyoshuka, akapangusa, kama anavyonipangusa chai kila asubuhi.

"Huyu ndiye weye."

Nimebadilisha picha ya ukurasa. Ndiyo hiyo mnayoiona juu. Dada, hiyo ndiyo kazi ya ndugu yako, waonyeshe watu. Waambie watazame kope za jicho lililolegea, kazichora moja moja. Upande wa kulia ni wa kompyuta. Wa kushoto ni wa Mutua.

Mjukuu wangu hakupiga picha yoyote. Ijumaa, Mungu akipenda, atanishika mkono mpaka msikitini, na mtakaokutana nami ndiani mtaujua uso huu.

Bwana Mutua, ahsante kwa siku moja uliyokataa kunitii. Lala salama, fundi. Mimi siko mbali, na nitakuja na uso uleule ulionichorea, usije ukakosa kunijua.