Maiti wa Kwenye Picha

Nilikuwa mgonjwa wa picha za sinema za dunia iliyokwisha: miji imeungua, watu wachache wanatembea kwenye majivu wakigombea dumu la maji. Nilizitazama hasa nikiwa likizo kijijini Kinyala, kwa bibi mzaa baba, ambako mvua haijui kukatika na migomba imefunga uwanja hadi mlangoni. Raha ya kutazama jangwa huku bati linapigwa na mvua, anayeijua anaijua.

Alasiri moja bibi aliacha kumenya ndizi, akaja kuketi mbele ya kompyuta yangu. Kwenye picha mzee mmoja akaanguka barabarani, akafa. Wenzake wakamvua viatu, wakaendelea na safari.

"Simamisha," bibi akasema. "Nani anabaki naye?"

"Hakuna, bibi. Ndiyo dunia imekwisha."

"Basi tukae sisi."

Nilikasirika. Kwetu msiba hukaliwa. Watu huacha mashamba wakalala palepale siku kadhaa. Lakini kumkalia mwigizaji, ambaye pengine muda ule alikuwa kwake anakunywa chai? Nilisimamisha kwa kununa, nikachezea simu. Bibi alijifunga khanga kiunoni, akakaa kimya mpaka mvua ilipopungua. Kisha akaniambia, "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, akarudi kwenye ndizi zake. Nikacheka, nikapeleka picha mbele.

Bibi alipofariki mwaka jana nilikuwa kazini Dodoma. Niliomba ruhusa ya siku mbili, na moja ikaishia njiani. Nilifika wakati wa kuzika, nikatupa udongo, nikala wali wa msibani nimesimama. Ningeweza kuomba siku zaidi. Sikuomba, kwa sababu kulikuwa na kikao na sikutaka kuonekana mtu wa visingizio. Najuta mpaka leo, wala kikao chenyewe sikumbuki kilihusu nini.

Begi likiwa begani, nilimwendea shangazi kumuaga. Alikuwa ndani anatandaza majani makavu ya migomba, watu wapate pa kulala.

"Kumbe unaondoka?" aliuliza, bila ukali wowote. "Tumekuwekea nafasi pale ukutani. Mama alikuwa anatuhadithia kila mara, ulivyosimamisha picha mkamkalia mtu msiyemjua. Alisema wewe, hata dunia ikiisha, utakaa."

Nilimwambia basi linaondoka saa nane. Na kweli liliondoka saa nane, mimi nikiwa ndani yake.