Maji Niliyomwaga Kisimani

Mwanangu, juzi nimewaona vijana wakipima maji kule mtoni, nikacheka peke yangu. Kaa nikueleze, maana na mimi niliwahi kuupima mto huo huo, tena niliupima vibaya kwa makusudi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Mto wetu huu wa huku Ilongero unaujua: kiangazi ni mchanga mtupu, maji yanajificha chini, tunayafukua. Akaja kijana wa serikali, jina lake Gervasi, sisi tukimwita Bwana Maji. Akawaambia wazee kwamba kisima cha mchangani kikishika maji mpaka mvua, kijiji kitajengwa hapa na watu wa pande zote wataletwa. Kikikauka, sote tutahamia barabarani, penye kisima kirefu cha pampu.

Akatafuta mtu wa kupima kila asubuhi kabla watu hawajachota. Nilikuwa nimesoma madarasa mawili tu, lakini namba nilizijua, basi akanipa mimi ufito wenye alama na daftari. Niliringa, we acha tu.

Sasa, kaburi la mama yangu lilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya tembe. Kuhama sikutaka hata kukusikia. Maji yalipoanza kushuka, alama moja, alama ya pili, nikapata akili yangu mbovu. Alfajiri nachota vibuyu viwili kisima kingine, kile cha juu ya mto, namwaga kwenye kile cha kupimia, nazamisha ufito upesi kabla mchanga haujayanywa, naandika. Nikajiambia sijadanganya, mbona ufito umelowa kweli!

Asubuhi moja nikamkuta shangazi Hadija, dada yake baba, amesimama pale, mikono kiunoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, binti Saidi, siku hizi maji ya mto yanatembea kwa miguu?"

Nikatazama chini. Matone yalikuwa yamefuata nyayo zangu kutoka kisima cha juu mpaka pale.

"Sitaki tuhame," nikasema. "Mama tutamwacha na nani?"

Akakaa mchangani, sauti ikapoa. "Mama yako alikuwa wifi yangu, nilimwosha kwa mikono hii. Lakini hao watakaoletwa hapa na watoto wao, na ng'ombe wao, kiangazi utawanywesha nini? Daftari?"

Bwana Maji alipokuja nikamwambia yote, shangazi akiwa kando yangu. Nilidhani ataninyang'anya ufito. Akapiga mstari kwenye zile siku zangu za uongo, akasema, "Kesho uanze upya. Na kisimani usitie kitu isipokuwa ufito."

"Na mimi nitakagua miguu yake," shangazi akadakia. Wakacheka, mimi nalia.

Kisima kilikauka kabla ya mvua, na nikaandika hivyo hivyo. Tukahama. Wazee wakakubaliana mto uachwe upumue: ng'ombe wanywe upande wa chini tu, na mtu asilime ukingoni. Mwaka mmoja, katikati ya kiangazi, pampu ya barabarani ikaharibika. Tukarudi mtoni na vibuyu vyetu, wenyeji na waliohamia. Tukafukua, maji yakaja, yakatutosha wote mpaka fundi alipofika. Siku hizo, kila nikitoka kuchota, nilipita kwa mama nikampalilia. Sikuwa na kinyongo tena.

Basi mwanangu, wakija wenye kupima wakikuuliza habari za mto, waambie ulivyo, hata kama jibu litakuhamisha nyumbani kwako. Ukiuficha ukweli, atakayekaa na kiu si wewe peke yako. Na ukikosea kama mimi, sema mapema, kabla watu hawajafungasha mizigo kwa neno lako.

Mungu akupe mkono mkweli, na kila kisima utakachofukua kikupe maji ya kunywa na ya kumbakizia anayekuja nyuma yako.