Siku za Jembe Nilizokopa

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyeshika kalamu miaka yote hiyo hawezi kupambana na sangari, ile nyasi inayotambaa chini kwa chini, na kwamba mvua ikianza tu nitarudi nilikotoka. Jirani mmoja, fundi wa kuchekesha watu, alisema kilabuni kuwa diploma yangu nikaifunikie kichuguu, labda mchwa wataisoma.

Nilikuwa nimeondoka Butiama bila viatu, mtoto wa mkulima wa pamba. Nilikata mkonge mbali na kwetu mpaka nikapata ada, na nikatoka chuo cha kilimo na diploma mkononi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hilo nalisema hadi leo na sitaacha kulisema.

Shamba lilikuwa la marehemu baba, kwenye mteremko karibu na Mwitongo. Watu walipohamia kijiji cha ujamaa lilibaki peke yake, sangari ikalimeza. Nilipokuwa mdogo ukingo wake ulikuwa na mikole na migunga, na asubuhi kanga walitoka humo na vifaranga vyao, wakitembea kama wenye mji. Niliporudi hapakuwa na kanga wala kwale. Zilikuwa nyasi tu, na kimya. Nikatangaza kwamba nitarudisha vichaka vile, na kwamba kanga watarudi wakiwa wageni wangu.

Mwenyekiti wa kijiji alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanieleza kwamba kijijini ardhi ni ya kulimwa, na pori hupewa mtu mwingine apande pamba. Alinivumilia mpaka mkutano wa baada ya palizi ya mwaka uliofuata. Mkutano ndio ungesema kama lile la baba ni shamba au ni pori.

Nilianza kwa plau. Chuoni nilifundishwa kwamba mzizi wa sangari ukikatwa vipande, kila kipande huota, na mtihani wa somo hilo nilifaulu. Lakini nilikodi ng'ombe wa plau kutoka Bunda kwa sababu nilitaka watu wanione nyuma yake. Walikuja wakaniona. Mvua iliponyesha, nyasi zilirudi nene kama zulia, na miche ya mikole niliyokuwa nimepanda ikawa ya njano chini yake. Tangu hapo kilabuni waliniita Bwana Pori.

Ikabaki njia moja: kuchimba kwa jembe na kuvuta mizizi kwa mkono, na mtu mmoja haiwezi. Nikakopa siku. Kwetu siku ya jembe hukopwa: leo jirani anakuja kwako, siku nyingine unakwenda kwake. Walikuja karibu nyumba zote za safu yetu, wengine kwa kumkumbuka baba, wengine kuja kuona mtu mwenye diploma akiinama. Walichimba, wakakung'uta udongo, wakaanika mizizi juu ya mawe mpaka ikakauka. Nikapanda miche mingine, ya mbegu nilizookota milimani, na safari hii ikashika.

Palizi ya mwaka uliofuata ilipofika, zamu ikawa yangu kwenda kwao. Nami wakati huo nilikuwa na safari zangu za Musoma na suruali zilizopigwa pasi. Nikatafuta vibarua kule Buhare, nikampeleka mmoja kwa kila niliyemkopa. Nilijiona nimeleta maendeleo.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nakunywa chai na mwenyekiti. Nikamwona mjane mmoja, rafiki wa marehemu mama, anakuja huku amemtanguliza kibarua wangu, kama mtu anayerudisha mbuzi aliyepotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuletea mtu wako."

Nikamwambia kijana huyo analima kuliko mimi.

"Najua," akasema. "Hata ng'ombe wanalimaga kuliko wewe. Lakini mimi nilikuja kwako na mgongo wangu, baba. Na ulikuwa unaniuma."

Mwenyekiti aliangalia ndani ya kikombe chake. Mimi nilicheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. Kufikia jioni vibarua wote walikuwa wamerudi. Wengi hawakutukanwa wala kuulizwa neno. Walipewa uji, wakaambiwa waende salama. Uji ule uliniuma kuliko maneno ya mjane.

Nikachukua jembe nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mikono iliyokata mkonge ilikuwa imegeuka ya karani; malengelenge yalipasuka nikiwa kwenye shamba la yule mcheshi, naye akilima pembeni yangu aliniuliza kwa upole kama mchwa wamefika ukurasa wa ngapi. Nilikuwa nahema.

Mjane aliniweka mwisho, na siku aliyoichagua ilikuwa ya kuamkia mkutano. Tulipalilia mihogo yake tangu asubuhi, mstari wake na wangu, na kila nilipoinua kichwa alikuwa mbele. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga. Tulipomaliza alifuta jembe kwa jani, akatazama ng'ambo, kwenye mteremko wa baba, ambako mikole ilikuwa imeshapita kiuno.

"Wajukuu wanasema kanga wanaingiaga mle asubuhi."

"Mimi sijawaona, mama." Ilikuwa kweli. Kila asubuhi nilikuwa kwenye shamba la mtu.

"Wapo. Na kesho watauliza kama ni pori."

Nilitaka kumwuliza yeye atasema nini, nikaona haya. Akanijibu bila kuulizwa.

"Nitasema nimelilima mwenyewe. Mtu halimagi pori." Akaliweka jembe begani. "Haya, nenda. Kwangu hudaiwi siku tena."

Alikuwa wa mwisho. Nilishuka nikiwa sidaiwi siku na mtu yeyote kijijini, mgongo ukikataa kunyooka, na nilipopita mbele ya kilabu sikuthubutu kuwainulia uso watu waliolilima shamba la baba.