Nilisema ni Breki

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu. Nimeshazitafuta zote mwenyewe, hakuna iliyobaki.

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, naishi Ganshoren, Brussels, na mke wangu. Kila Jumapili nilikuwa nikishindana mbio za magari makuukuu, yale tunayoyatoa viti na vioo na kuyazungushia vyuma, tunazunguka uwanja wa udongo nje ya Brussels. Mle ndani kugongana ni mchezo. Lakini bendera ya mwisho ikishashuka, basi! Ukimgonga mtu baada ya hapo, au ukamfuata kumpiga, unafukuzwa. Kila dereva anajua. Hata mimi nilijua.

Siku ile Didier alinisukuma kwenye kona ya mwisho, nikaingia kwenye matairi yaliyopangwa kando ya uwanja. Didier ni mzee Mbelgiji, dereva wa basi, ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Nilikuwa wa pili, nikawa wa mwisho. Watu wakacheka.

Bendera ikashuka. Didier akapunguza mwendo, akavua kofia ngumu, akafungua mkanda, akatoa mkono dirishani kuwapungia watu. Nilimwona! Nilimwona vizuri kabisa, nikakanyaga mafuta.

Kichwa chake kilipiga chuma. Jicho la kushoto halioni tena. Hataendesha basi tena.

Wasimamizi waliniita. Mkubwa wao, mama mmoja, akaniuliza, "Ilikuwa hasira au breki?"

Nikajibu, "Breki."

Gari langu lilikuwa limepondeka mbele, hakuna aliyeweza kuhakikisha. Wakasema ni ajali. Na pale mlangoni alikuwa amesimama Trésor, mdogo wa mke wangu, fundi wangu. Breki zile alizifunga yeye.

Alisikia. Akaangalia mikono yake. "Yaya, pardon," akaniambia, kama mdogo kwa kaka yake. Mimi! Ananiomba mimi msamaha!

Nikamjibu, "Bon, inafikaka," yaani hutokea.

Tangu hapo Trésor hakushika spana. Alikuwa na mpango wa kufungua gereji. Akauacha, akaenda kusafisha maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Kila Jumamosi alimpelekea Didier chakula. Mke wangu akaniambia, "Mudogo yangu anaisha. Umusemeshe, wewe ni mukubwa."

Niliendelea kula. Sikuhisi kitu. Ni kama ile sindano ya daktari wa meno: unajua wanang'oa, lakini huumii.

Siku moja nilimsindikiza kwa Didier. Didier akamshika Trésor bega, akasema, "Kijana, sikulaumu." Kisha akanimiminia kahawa. Nusu ikamwagika pembeni ya kikombe, maana kwa jicho moja hajui tena kikombe kiko mbali kiasi gani.

Tulipofika kituo cha basi nikasema, "Trésor, frein zako, zile breki, zilikuwa muzuri. Nilimuona. Nilimugonga kusudi."

"Rudilia."

Nikarudia.

"Donc myezi yote hii unaniona naenda kulomba ule papa Didier pardon, unanyamaza?"

"Ndiyo."

Hakunipiga. Heri angenipiga! Basi likaja, akapanda, akaniacha pale.

Nikaenda mwenyewe kwa wasimamizi, nikasema kweli. Nimefukuzwa maisha. Didier nilimweleza kwa simu. Akauliza kama Trésor ameshajua, nikasema ndiyo, akakata. Trésor hajakanyaga tena kwetu. Mke wangu ananipikia, ananiwekea sahani, yake anaipeleka chumbani. Wala sijui kama nina huzuni. Nakaa tu.

Nyinyi mnaoendesha, na nyinyi msioendesha pia: ukishindwa, zima injini, acha mikono juu ya usukani mpaka damu itulie. Na kama umeshafanya, sema palepale kwamba ni wewe. Utafukuzwa, ndiyo! Fukuzwa. Usimtwishe mwenzako kosa lako, halafu ukaketi naye mezani, unamsogezea bukari, ugali wetu, na kumwambia ale, mbona anakonda.