Fimbo ya Pwani katika Ziwa Muhazi

Sisi tuliokulia ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Tanzania, hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Tulivitengeneza wenyewe, na vile bora zaidi vilituletea na kitoweo. Wenzangu mliosoma shule za msingi kando ya Ziwa Victoria, mkachapwa kwa kuchelewa namba huku miguu ikinuka matope, mtanielewa bila maelezo mengi. Wengine naomba mnivumilie.

Chombo chetu kilikuwa kopo tupu la siagi. Mshipi tuliuokota kwenye nyavu zilizochakaa, tukaunga kipande kwa kipande, kisha tukauzungushia kwenye kopo kwa subira ambayo mwalimu wa hesabu hakuwahi kuiona kwetu. Mwisho wa mshipi tulifunga ndoano, na jirani yake nati ya baiskeli iwe chubwi, ule uzito wa kuupeleka mshipi mbali na kuuzamisha. Vidole vya mkono wa kushoto unaviingiza ndani ya mdomo wa kopo, kitako chake kikitazama maji. Mkono wa kulia unazungusha nati juu ya kichwa, mara moja, mara mbili, unaachia. Mshipi unajimwaga wenyewe kutoka kwenye kitako cha kopo, duara baada ya duara, na mlio wake ni kama mtu anayekunywa uji wa moto. Ukichelewa kuachia, nati inakurudia. Kovu langu la kisogoni nililieleza kwa miaka mingi kuwa la mpira wa miguu.

Kutupa mbali hakukuwa majivuno tu. Karibu na mafunjo waliishi furu, samaki wa kidole kimoja, miiba mingi kuliko nyama. Sato walikaa nyuma ya jiwe moja jeusi lililochomoza majini, tuliloliita Katibu, kwa sababu lilikaa pale pale mwaka mzima bila kufanya lolote. Asiyeweza kulipita Katibu alikula furu na kejeli.

Mimi nilikula vyote viwili. Mwalimu wangu alikuwa Deusi, mtoto wa jirani, aliyejua kutupa kabla hajajua kusoma. Kila nati yangu ilipoangukia kwenye mafunjo, alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Nyie watu wa maziwa!" alisema. "Samaki mnamwita kwa mluzi kama ndama?"

Alikuwa na haki. Wazazi wangu walitoka Rwanda wakiwa wafugaji. Walikimbia na desturi zote za ng'ombe, ng'ombe wenyewe wakabaki. Nyumbani kwetu samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha watu. Mama alikuwa na vibuyu viwili vya maziwa, ambavyo miezi mingi havikuwa na maziwa, lakini harufu ya samaki isingethubutu kuvikaribia. "Huyo mdudu wako asivuke kizingiti," aliniambia. Nilipika nje, kwenye mafiga yangu, ndani ya bati langu, na kabla ya kuingia ndani nilinawa mikono kwa majivu mpaka ikawa myeupe. Baba alipita, akatazama, akasema lile lile kila siku: "Hana kwato, hana pembe. Unajivunia nini?"

Sikuwa na jibu mpaka nilipofika miaka kumi na moja. Siku hiyo upepo ulikuwa mgongoni, nati ikapaa, ikampita Katibu, ikatumbukia mahali ambapo hata Deusi alikuwa hajafika. Kabla hajamaliza kusema kwamba ni bahati, mshipi ukakaza. Nilirudi nyumbani na sato mrefu kama mkono wangu, nimemning'iniza kwenye ukambaa, nikipita njia ndefu makusudi ili kijiji chote kinione. Baba alitoka nje. Alisimama hatua kadhaa mbali, kwa ajili ya harufu, akamtazama yule samaki kama anavyotazama ng'ombe wa mtu mwingine.

"Ulimtoa umbali gani?" akauliza.

"Nyuma ya Katibu."

Alitikisa kichwa, akaingia ndani. Hakumwonja, na hakuwahi kuonja samaki mpaka alipofariki. Lakini Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nilimsikia akiwaambia wazee wenzake kwa Kinyarwanda, "Mwanangu hutupa mbali." Nimepewa shahada ya chuo kikuu na mkuu wa chuo aliyevaa joho. Haikunipandisha mabega kiasi kile.

Sasa ndugu zangu wa rika langu, mwajua shida yetu. Hadithi kama hii hatuna cha kuithibitishia. Tulirudi Rwanda na mabegi mawili. Picha ya utotoni sina hata moja. Deusi sijui yuko wapi. Watoto wangu wamezaliwa Kigali, wamekulia Batsinda, na kwao Ziwa Victoria ni rangi ya buluu kwenye ramani. Binti yangu Keza, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, husikiliza simulizi zangu kwa sikio moja, jingine likiwa na kidude cha muziki.

"Papa," aliniambia mwaka huu, "kila ukisimulia, hilo jiwe linasogea mbele. Sasa iko karibu kufika Uganda."

Nilicheka na wengine. Lakini iliniuma. Mtoto akikataa jiwe, amekataa na kijiji, amekataa na mimi wa miaka kumi na moja.

Basi mwezi uliopita mwenzetu kazini, Swaleh, mtunza ghala kule Gikondo, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alimaliza mkataba wake na kugawa vitu. Mimi alinipa fimbo ya kuvulia. Si fimbo ya mchezo: mita nne na ushee, nyeusi, nyembamba kileleni, yenye gurudumu la mshipi karibu na kishikio. Kwao husimama nayo mchangani na kurusha chubwi kupita mawimbi.

"Chukua, ndugu yangu," alisema. "Miaka mitatu nimeiegemeza ukutani. Huku kwenu milimani nitamtupia nani?"

Niliikuta pale uani imesimamishwa tayari, akaitikisa, ikavuma. Nikaishika, nikamshukuru, nikaondoka nayo.

Hapa ndipo aibu ilipo. Mtu aliyelelewa na kopo, ambaye fimbo pekee aliyowahi kuiona ya kuvulia ni mwanzi, hajui kwamba fimbo huja kwa vipande. Mwanzi ni mwanzi, ukiukata umeuua. Nilitoka nayo Gikondo ikiwa nzima, mita nne na ushee, nikaisimamisha kama mlingoti wa bendera na kumwita mwenye pikipiki. Alitazama juu mpaka kofia yake ngumu ikataka kumvuka.

"Muzee, hiyo kitu iko ndefu sana. Polisi atanishika mimi, si wewe."

Wa pili aliuliza kama ni antena. Wa tatu hakusimama. Nikatembea. Wanaoijua Kigali wanajua kilima kilichoko kati ya Gikondo na Remera, na wasiokijua waulize magoti yangu. Pale Gisimenti watu waliokuwa wakila mishikaki barazani waliinuka kunipisha, kwa heshima au kwa kuhofia macho yao, na mmoja akaita, "Muzee, embe ziko mti gani?" Mwishowe dereva wa pikapu iliyobeba magodoro alinihurumia, nikafika Batsinda nimekaa juu ya magodoro, fimbo mkononi, kama mfalme wa nchi ndogo.

Keza alikuwa mlangoni. Aliichukua fimbo, akatazama katikati yake, akaizungusha kidogo, akavuta. Ikatoka vipande vitatu.

"Ariko Papa," alisema taratibu sana, ile "lakini" ya Kinyarwanda yenye mashaka. "Wewe kweli ulikuwa mvuvi?"

Mke wangu alilazimika kwenda kukalia ngazi kwa kucheka. Nami nikajua kwamba utoto wangu wote umewekwa kwenye mizani. Nikatangaza kwamba Jumapili, baada ya kanisa, tunakwenda Muhazi.

Muhazi ni ziwa refu na jembamba. Swaleh angeliita mfereji. Tuliomba ruhusa kwa mwenye kiwanja kimoja chenye nyasi mpaka majini, na mbele yake ukanda wa mafunjo. Nilifunga chubwi ya Swaleh, nzito kama yai la bata. Keza alikuwa ameshatazama video nne njiani na alikuwa na mawaidha.

"Papa, mguu wa kushoto mbele. Na hiyo waya ya hapo..."

"Mimi nilikuwa natupa mama yako hajazaliwa," nikamkata.

Nikajipinda, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Kukatokea mlio kama wa mjeledi. Fimbo ikawa nyepesi ghafla. Chubwi ilikwenda, jamani ilikwenda, mpaka tukaona maji yakiruka mbali kabisa. Lakini ilikwenda peke yake. Mshipi ulikuwa umekatika miguuni pangu.

"Umetupa mbali, Papa," akasema Keza. "Ila hatujui sasa tutamvutia samaki na nini."

Nilijifanya nachunguza fimbo ili nisimtazame. Na katika kujifanya huko, kwa mara ya kwanza nikalitazama lile gurudumu sawasawa. Mshipi umezungushwa duara juu ya duara. Kitako kinatazama maji. Na juu yake ule waya mnene ambao Keza alitaka kuniambia habari zake, unaozuia mshipi usitoke mpaka uuinue. Wenzangu, lilikuwa kopo! Kopo la siagi, lenye mpini na kiburi kidogo. Walichofanya mafundi wa viwandani ni kuliwekea waya, na mimi, mwana wa kopo, ndio ulionishinda.

Nikafunga chubwi nyingine. Nikauinua waya, nikaushika mshipi kwa kidole cha shahada. Sikufikiria mguu. Upepo ulikuwa ukitoka kilimani nyuma yetu, nikausubiri ushike shati langu mgongoni, nikazungusha mabega, nikaachia kidole mahali ambapo kisogo changu kinapakumbuka. Mlio ukaja, ule ule wa mnywa uji wa moto, mrefu, mrefu zaidi ya nilivyowahi kuusikia. Chubwi ikapita mafunjo, ikapita mtumbwi uliofungwa kwenye boya, ikazidi kwenda, na ilipotua tuliona maji kabla ya kusikia sauti.

Hakuna samaki aliyekula siku ile. Tulikaa kwenye nyasi tukitazama ncha ya fimbo isiyotikisika. Keza alichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni.

"Papa, hicho kijiji bado kiko?"

"Kipo."

"Tutaenda lini?"

Katika enzi zetu tulisimuliwa milima ya Rwanda na wazazi waliokuwa hawana picha, tukaambiwa habari za ng'ombe wenye pembe za kushika mbingu na asubuhi zenye ukungu mweupe kama maziwa. Hatukudai ushahidi. Tulikaa kimya, kwa adabu, na kimoyomoyo tulidhani wanaongeza chumvi, mpaka tulipoletwa tukaona milima ipo pale pale walipoiweka. Hawa wetu hawana adabu hiyo ya kunyamaza. Wanauliza, wanabisha, wanapima jiwe limesogea kiasi gani. Baba yangu hakuwahi kuulizwa na mimi, "Tutaenda lini?" na siku hizi nadhani alikuwa akingoja.

"Hata kesho," nikamjibu, mimi mwenye kikao cha kazi Jumatatu saa mbili kamili asubuhi.