Mstari wa Mfalme Mgonjwa

Nakumbuka Alhamisi ile, mwanangu Neema. Ulikuwa na miaka minne, umelala juu ya kanga sakafuni kwa Mama Glori, Gongo la Mboto, na sisi kina mama tisa tumefumba macho. Unaniulizaga kwa nini vidole vyako viwili havinyooki, na mie huwa nakujibu kwamba ulianguka. Ulianguka, ndiyo. Lakini aliyekuangusha ni mie, na naandika ili ukikua usije ukaisikia kwa mtu mwingine.

Mama Glori alikuwa kiongozi wetu wa maombi, na kwake tulikuwa na utaratibu tuliouita kupokea neno. Unaomba, unafungua Biblia bila kuangalia, unashusha kidole. Kilipotua ndipo Mungu amesema na wewe. Kusoma mistari ya juu au ya chini ilikuwa mwiko. Mama Glori alisema huko ni kumchanganya Roho kwa akili za shule. Mie nina kidato cha nne, nikaona aibu hata kuwa nacho.

Wakati huo ulikuwa unakunywa dawa ya kifafa asubuhi na jioni. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilitaka Mungu aniambie basi, imetosha. Kidole changu kikatua kwa yule mfalme wa Yuda aliyeugua miguu, akaacha kumtafuta Bwana, akawategemea waganga, ndio madaktari wa enzi zile, na mwisho akafa. Mama Glori akasema ufunuo umeshuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikarudi nyumbani nikatupa vidonge vyako chooni.

Bibi yako mzaa baba alikuwa anaishi na sie. Kule Njombe alifundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka mingi. Alinisihi kwa upole nirudi kliniki, akasema dawa ile haiachwi ghafla, na maandiko hayasomwi vile. Nilimjibu vibaya, tena mbele ya baba yako.

"Mama, wewe umezoea dini ya kurithi. Hujafunuliwa."

Alipozidi kusema, nikashinikiza apelekwe Boko kwa wifi yangu. Alipanga nguo zake kwenye begi, akaniaga kwa heshima ambayo sikuistahili.

Wiki ya tatu bila dawa, Jumamosi asubuhi, nipo mlangoni nachambua mchele, kifafa kikakushika karibu na jiko la mkaa. Mkono ulitangulia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kesho yake bibi yako akaja wodini. Nilimpa shikamoo nikiangalia sakafu. Akaitikia, akakutazama wewe na bandeji zako, kisha akatoa Biblia yake na kuifungua pale pale kwa yule mfalme.

"Nisomee."

"Mama, sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ila anzia juu."

Nikasoma. Kumbe yule mfalme aliogopa vita, akakimbilia msaada wa mfalme mwingine. Nabii akaenda kumwambia kwamba amefanya upumbavu. Mfalme akakasirika, akamtia nabii gerezani. Habari ya miguu inakuja baada ya hapo.

"Ishia hapo. Aliyefungwa kafanya kosa gani?"

"Alimwambia mfalme ukweli."

"Haya," akasema bibi yako. "Na mie nilikuwa Boko."

Sikulia. Nilijua nikilia atanibembeleza, na sikutaka kubembelezwa. Nikamuuliza kama basi siku ile Mungu hakusema na mie kabisa.

"Alikuwa anasema, Mama Neema. Wewe ukamkatiza."

Mama Glori yeye alinitumia ujumbe kwamba imani yangu ilikuwa pungufu. Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo hasira hiyo ninayo. Lakini nyingi inanigeukia mwenyewe, maana hakuna aliyenishika mkono nikitupa vidonge. Nilimtafuta Mungu anayekubaliana na uchovu wangu, nikampata, nikamwita ufunuo.

Sasa sikia, mwanangu. Mungu husema, hilo sijaacha kuliamini. Lakini neno lake lilipita kwenye vinywa vya watu, likawaendea watu wenye vita vyao na woga wao. Ukiwatoa watu hao ukabaki na kipande kinachokupendeza, unachosikia ni sauti yako mwenyewe. Anzia juu, fika mpaka mwisho. Uliza nani anaambiwa, na kwa nini. Soma na mtu atakayekubishia, hasa yule unayetamani anyamaze. Na ufunuo wowote unaokutaka umfukuze kwanza mtu huyo, uogope, hata kama ameupokea mama yako.

Bwana akulinde, akupe akili na asikuache uionee aibu. Akuzungushie watu wenye ujasiri wa kukukatalia. Na siku utakayosoma haya ukanichukia, akupe muda wa kunichukia, kisha akurudishe kwangu. Amina.